Lakiri kwenye mialiko ya harusi: chapa inapopasuka, kubanduka au kuyeyuka njiani

Bahasha ya mwaliko ikifika na lakiri, ile nta ya kuyeyusha inayopigwa muhuri, ikiwa imeharibika, usikimbilie kununua lakiri nyingine. Chukua kwanza kilichobaki, kiwe kipande kimoja au kumi, ukigeuze na kukitazama kwenye mwanga. Watu wengi hutazama uso, ile picha ya herufi mbili au ua, na uso hausemi mengi. Mgongo ndio unaosema chapa ilikufa kwa ugonjwa gani, na kila ugonjwa una dawa yake. Nimeona watu wakiongeza gundi mahali ambapo gundi haikuwa na kosa lolote, kisha wakapoteza mialiko mingine 40 kwa sababu ileile.

Tuelewane juu ya maneno. Muhuri hapa ni kile kifaa, kichwa cha shaba chenye mpini. Chapa ni tone la lakiri lililokwisha kugandamizwa na kuganda. Kifuniko ni ile sehemu ya bahasha inayokunjwa kufunga mdomo wake.

Sasa tazama mgongo. Ukiwa laini, unang'aa, hauna hata uzi wa karatasi, basi chapa haikuwahi kushika tangu siku ya kwanza. Ilikuwa imekaa tu. Ukiwa na manyoya ya karatasi, chapa ilishika sawasawa, na karatasi ndiyo iliyoachia. Ikiwa kuna vipande ambavyo bado vimeng'ang'ania bahasha huku sehemu nyingine imemeguka na kupotea, lakiri yenyewe ni ngumu isiyokubali kupinda. Na ikiwa chapa ni nzima lakini picha imelala, au imebeba karatasi ya bahasha jirani, hilo ni joto.

Imepasuka, vipande vimebaki

Lakiri ya kale ilitengenezwa ivunjike. Katika Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti, na kuanzia karne ya 16 ikazoeleka ile ya utomvu wa mdudu wa laki pamoja na utomvu wa misonobari, chaki na rangi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba barua haijafunguliwa na mtu mwingine, kwa hiyo ilipaswa kumeguka mara tu mtu anapoigusa kwa nguvu. Na barua hiyo ilisafiri mkobani mwa mjumbe. Haikupita mashineni.

Barua ya leo inapita kwenye mashine ya kuchambua ambayo hupitisha zaidi ya barua 30,000 kwa saa. Mikanda miwili huibana bahasha pande zote mbili, kisha huizungusha kwenye magurudumu, kona baada ya kona. Lakiri ya kale ikipita humo, kuvunjika kwake si ajali.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: ulitumia lakiri ya aina gani? Vile vijiti vigumu vyenye utambi katikati, ambavyo ukivigonga mezani vinalia kama kigae, mara nyingi ni vya aina inayomeguka. Lakiri za siku hizi zinazouzwa kwa ajili ya posta zina plastiki ndani yake na hupinda. Lakini usiamini maandishi ya pakiti peke yake. Mimina chapa mbili juu ya kipande cha karatasi utakayotumia, ziache siku nzima, kisha pinda ya kwanza ukiizungushia kidole gumba. Ya pili iweke kwenye jokofu la kugandisha kwa saa moja, uitoe na kuipinda papo hapo. Nyingi hufaulu jaribio la kwanza na kuanguka la pili, na mwaliko wako unaweza kulala usiku kucha katika ghala au ndege yenye baridi.

Tazama pia ufa wenyewe ulivyokaa. Ufa mmoja ulionyooka, unaokwenda sambamba na upande mfupi wa bahasha, unatokana na kupindwa kwenye gurudumu: bahasha husafiri kwa urefu wake, kwa hiyo mkunjo huangukia hapo. Ufa unaotawanyika kutoka sehemu moja kama miale ya nyota ni wa pigo au mbano. Ule wa kwanza unatibiwa kwa lakiri inayopinda na chapa nyembamba zaidi. Wa pili hautibiki kwa lakiri yoyote. Unatibiwa kwa kuificha chapa, jambo nitakalolifikia.

Hata lakiri inayopinda hupasuka ukiimwaga nene mno. Kwa muhuri wa milimita 25, punje tatu au nne za lakiri ya kuyeyushwa kijikoni zinatosha, na kijiti kimoja cha lakiri ya kuyeyushwa kwa bunduki ya gundi hutoa chapa tano hadi saba. Ukipata chapa tatu tu kwa kijiti, unamwaga nyingi. Kosa jingine ni kuchanganya lakiri laini na vipande vya lakiri ngumu, au kalamu za nta za watoto, ili kupata rangi fulani. Rangi utaipata, lakini ule unyumbufu uliolipia utakuwa umeondoka.

Imebanduka nzima, mgongo laini

Hapa mshtakiwa wa kwanza ni karatasi. Lakiri ya moto hushika kwa kuingia kati ya nyuzi za karatasi na kuganda humo. Karatasi iliyopakwa mng'aro, ile yenye kumetameta kama lulu, ya rangi ya dhahabu au fedha, na ile karatasi angavu inayopitisha mwanga, zote zimezibwa au zimebanwa uso kiasi kwamba hakuna pa kuingia. Kujua ni rahisi: dondosha tone dogo la maji kwenye bahasha moja ya kutupa. Likizama na kuacha doa baada ya muda mfupi, lakiri itashika vizuri. Likibaki limesimama kama umande juu ya jani, usitegemee lakiri peke yake.

Kama bahasha zimekwisha kununuliwa na ni za aina hiyo, una njia mbili. Ya kwanza ni kukwaruza mahali pa chapa kwa msasa laini, mduara mdogo kuliko chapa yenyewe, mpaka mng'ao ufe. Fanya polepole, maana karatasi hizi nyingi ni nyeupe chini ya rangi, na ukizidisha mduara utaonekana pembeni. Ya pili, ambayo naipendelea kwa karatasi hizi, ni kutengeneza chapa pembeni juu ya karatasi ya kuokea au mkeka wa silikoni, kisha kuzibandika kwa gundi.

Mshtakiwa wa pili ni lakiri iliyopoa kabla ya kugusa karatasi. Ukimimina kwa kusitasita, tone kwa tone, tone la chini linaganda na mengine yanakaa juu yake. Mimina mara moja, bila kusimama.

Kwa chapa zilizobandikwa, kosa karibu kila mara liko kwenye muda na mafuta. Gundi ya utepe wa pande mbili haimalizi kushika siku ile unayoibandika. Ikandamize kwa dole gumba kuanzia katikati kwenda nje, halafu iache siku nzima, ikiwezekana siku tatu, kabla ya kupeleka posta. Na kama ulikuwa unapaka muhuri mafuta ili usinate, mafuta hayo huchuruzika pembeni hadi kwenye mkeka na kuufikia mgongo wa chapa. Futa kwa kitambaa kikavu. Wengine hutumia spiriti. Kwa lakiri ya plastiki si tatizo, ila ile ya kale yenye utomvu wa laki huyeyuka kwa spiriti, na utakuwa umeharibu chapa ukidhani unaisafisha.

Imebanduka na manyoya ya karatasi

Usiongeze gundi. Gundi ilifanya kazi yake hadi karatasi ikachanika. Uliza badala yake ni nini kilichoivuta chapa kwa nguvu hiyo.

Jibu la kawaida ni mahali ilipokaa. Chapa nyingi huwekwa nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya mwili wa bahasha, kama kufuli. Inapendeza kwa macho. Lakini bahasha inapozunguka gurudumu, kifuniko na mwili hutelezeana kidogo, kila kimoja na njia yake, na chapa iliyoshika vyote viwili ndiyo inayobeba mvutano wote. Kitu kimoja lazima kiachie. Dawa ni kupaka gundi kifuniko chote kwanza, hadi kwenye ncha, ili tabaka mbili ziwe moja kabla lakiri haijagusa chochote. Kisha weka chapa yote, mzima mzima, juu ya kifuniko kwa ndani ya ncha yake.

Hapa pia ndipo bahasha zinazofika wazi zinapotokea. Kuna wanaoacha kifuniko bila gundi wakiamini lakiri itakifunga. Itakifunga mezani. Njiani, kona za kifuniko hunaswa na mkanda, na chapa ikitoka kadi hutoka nayo. Gundi ndiyo inayofunga, lakiri inapamba.

Sababu ya pili ya manyoya ni karatasi nyembamba. Bahasha ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya barua za ofisini, haiwezi kubeba chapa. Anzia gramu 120.

Picha imelala, au bahasha mbili zimegandana

Nta ya nyuki safi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi, na hulainika mapema kabla ya hapo. Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani, au katika sanduku la chuma la barua mchana wa jua kali, joto linaweza kukaribia kiwango hicho, na sehemu zinazopigwa na jua moja kwa moja hukipita. Kwa hiyo mishumaa ya kawaida na nta ya nyuki peke yake hazifai kwa mwaliko unaosafiri, hata kama picha inatoka vizuri kuliko zote. Lakiri ya plastiki hustahimili zaidi, ila nayo hulegea.

Fanya jaribio la joto kabla ya kuamua. Chukua bahasha mbili zenye chapa, zilaze moja juu ya nyingine, weka kitabu kizito juu yake, na uziache ndani ya gari kwenye jua mchana mmoja. Zikitengana bila kuumizana, uko salama. Zikiacha alama ya herufi zako kwenye bahasha ya juu, funika kila chapa kwa kipande cha karatasi laini unapozifunga pamoja, au uipeleke chapa ndani.

Mara nyingine lakiri haina hatia hapa. Chapa inaonekana imekauka baada ya dakika moja, lakini moyo wake bado una joto. Ukizipanga bahasha kwenye rundo mara tu unapomaliza, zitagandana papo hapo mezani kwako, na utalaumu posta. Zitandaze zikiwa zimelala, chapa juu, hadi kesho yake.

Lakiri imefika hadi kwenye kadi ya ndani

Unafungua bahasha na kadi inatoka na kovu: tone dogo la lakiri, au mduara uliokwaruzika kwa joto. Lakiri ya moto imepita kwenye mwanya kati ya kifuniko na mwili, au joto limepenya karatasi na kulainisha wino wa kadi, hasa kadi iliyochapwa kwa mashine ya leza, ambayo wino wake ni unga wa plastiki uliogandishwa kwa joto. Funga kifuniko kwa gundi kwanza. Kisha, kama bado unamimina moja kwa moja juu ya bahasha, ingiza karatasi nene nyuma ya kadi kama ngao na uiache humo humo isafiri. Chapa zilizotengenezwa pembeni hazina tatizo hili kabisa.

Doa la mafuta kuzunguka chapa

Duara lenye giza linalokua siku baada ya siku. Linatokana na mafuta uliyopaka muhuri, au na lakiri yenye nta laini nyingi inayovuja kwenye nyuzi. Doa likishaingia halitoki. Ndiyo maana usipeleke mialiko posta siku ileile uliyoipiga chapa. Wiki moja ya kungoja inatosha kuonyesha kama doa lipo.

Matatizo ya mezani

Hapa nitakaa zaidi kwenye moja, kwa sababu nusu ya mengine yanazaliwa nalo: muhuri unaong'ang'ania lakiri. Unavuta, haitoki, unavuta tena, inatoka na kipande cha picha kimebaki kwenye mitaro ya shaba. Mtu akishafikia hapo hupaka mafuta, akizidi hupaka mengi zaidi, na sasa ana doa na gundi isiyoshika.

Sababu ni shaba kupata moto. Shaba hunyonya joto upesi. Chapa ya kwanza hutoka safi kwa sababu muhuri ni baridi: uso wa lakiri unaoigusa shaba hukauka na kunywea kidogo, ukajitenga wenyewe. Chapa ya nne au ya tano, muhuri umeshiba joto, lakiri inabaki laini na kushika. Wengi hufanya majaribio ya chapa mbili tatu, wakaridhika, kisha wakakaa chini kupiga 150 na kushangaa mambo kuharibika baada ya dakika kumi.

Laza kichwa cha shaba juu ya mfuko wa barafu kati ya chapa moja na nyingine. Shaba ya baridi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla ya kugandamiza. Tone la maji likibaki kwenye mitaro utaliona kwenye chapa kama kishimo cha sindano. Kama fedha zinaruhusu, nunua vichwa viwili vya picha ileile vinavyoingia kwenye mpini mmoja, kimoja kikae barafuni wakati kingine kinafanya kazi. Hakuna kifaa kilichonisaidia kuliko hicho.

Na muhuri ukigoma kutoka, usivute. Ngoja. Shikilia karatasi, ondoa mkono kwenye mpini, hesabu hadi 30, kisha yumbisha mpini kidogo upande mmoja. Ukikuta lakiri imebaki mitaroni, usiichimbe kwa kisu: kisu kitakwaruza shaba na kila chapa itakayofuata itabeba mkwaruzo huo. Tia kichwa kwenye jokofu la kugandisha, kisha kitoe na uibanue lakiri kwa kijiti cha kuchokonolea meno.

Picha ikitoka hafifu, umechelewa. Lakiri ilikwisha kufanya ngozi juu kabla muhuri haujafika. Ikitoka imetapakaa, kingo nyembamba kama utando na katikati pamebaki pakavu, umewahi: lakiri ilikuwa maji bado. Kwa lakiri ya bunduki, sekunde 10 hivi baada ya kumimina ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha rekebisha. Alama ninayoitegemea zaidi kuliko saa ni mng'ao: tone likiwa bado linaakisi mwanga kama kioo, ngoja, ukingo wake ukianza kufifia huku katikati pakiendelea kung'aa, shusha muhuri wima na uuache bila kuusukuma. Uzito wa shaba wenyewe karibu unatosha.

Upande mmoja kuwa mnene na mwingine mwembamba ni meza isiyo sawa, au bahasha iliyovimba kwa kadi zilizomo. Ubao mgumu chini ya kifuniko husaidia, na kupiga chapa kabla ya kuingiza kadi husaidia zaidi, mradi bahasha yenyewe inafungwa baadaye kwa mdomo mwingine, au chapa inabandikwa.

Viputo vinatoka kwenye lakiri iliyochemka. Kijiko kikianza kutoa moshi umepita kiasi. Lakiri hiyo imwage, maana hata rangi yake imeungua. Shikilia kijiko juu ya ncha ya moto wa mshumaa, si ndani ya moto, na ukitoe punje za mwisho zikiwa bado hazijaisha kuyeyuka; joto la kijiko litazimalizia. Ukikoroga, koroga polepole.

Michirizi myeusi ni masizi. Kijiti chenye utambi huyadondosha moja kwa moja ndani ya lakiri kila mwali unapoilamba. Kwa rangi nyeusi au ya zambarau iliyokolea hakuna atakayeona. Kwa nyeupe au rangi ya maziwa, utambi haufai hata ukiwa na mkono mwepesi. Tumia kijiko au bunduki. Chini ya kijiko nako hujaa masizi, yakadondokea bahasha. Kifute kila mara.

Herufi zilizopinda: chora alama kwenye mpini upande wa juu wa picha. Basi.

Imerudi, au mgeni ametakiwa kulipa

Chapa moja ina uzito wa gramu moja hadi mbili, na mara chache uzito ndio unaoleta shida. Shida ni unene. Hesabu pamoja nami: kadi tatu za gramu 300 na kitu kwa mita ya mraba, kila moja karibu milimita 0.4, zinafanya 1.2. Bahasha nayo, tabaka mbili na kifuniko, takriban 0.5. Chapa 2.5. Jumla 4.2. Nchini Uingereza barua ya kawaida haitakiwi kuzidi milimita 5, na mwaliko huu bado uko ndani ya kikomo. Ongeza utepe wenye fundo na bahasha ya pili ya ndani, na sasa ni barua ya daraja jingine, wakati stempu uliyobandika ni ya daraja la chini. Marekani kikomo cha barua ni robo ya inchi, kama milimita 6, lakini bahasha yenye uvimbe usio sawa inahesabiwa kuwa haipiti mashineni na hulipiwa nyongeza hata ikiwa nyembamba. Bahasha ya mraba pia.

Kwa hiyo kamilisha mwaliko mmoja kwa kila kitu chake, pamoja na utepe, kadi ya jibu na stempu ya kadi hiyo, uupeleke posta mkononi kabla ya kununua stempu za mingine. Mwambie karani aupime mbele yako. Muulize pia kama wanaweza kuugonga kwa mkono, yaani stempu ifutwe kwa mkono badala ya mashine. Posta nyingine hukubali. Jua tu kwamba kugongwa kwa mkono kwenye dirisha hili hakuzuii mashine ya mji unaofuata kuuchukua, na kulipa nyongeza vilevile si ahadi.

Kuificha chapa

Baada ya miaka kadhaa ya kazi hii, ushauri wangu kwa mtu yeyote anayetuma mialiko zaidi ya 50 ni mmoja: chapa ikae ndani. Funga kadi kwa karatasi angavu au utepe, weka chapa hapo kwenye mkutano wake, kisha tia yote kwenye bahasha ya nje isiyo na chapa, saizi moja kubwa kuliko ya ndani ili isibane. Bahasha ya nje itapigwa mihuri ya posta, itachafuka, itakunjika kona, na mgeni ataitupa. Chapa ataikuta kama ulivyoiacha. Najua wengi wanataka ionekane tangu sandukuni. Nilitaka hivyo pia. Lakini furaha ya mgeni huanza anapoivunja chapa kwa mkono wake, na aliyeletewa vumbi jekundu hana cha kuvunja.

Hata ndani, chapa bado inapita kwenye magurudumu, kwa hiyo lakiri inayopinda ni lazima. Na isikae mahali pamoja na chapa nyingine au fundo. Panga vitu vinene mahali tofauti ili unene usirundikane sehemu moja.

Kabla ya yote hayo, tuma bahasha za majaribio. Moja haitoshi. Tuma sita: mbili kwako mwenyewe, mbili kwa rafiki wa mji wa mbali, mbili kwa nchi ya mbali zaidi ambako una mgeni. Kila mara, moja iwe na chapa nje na nyingine ndani. Waombe wakupigie picha ya uso na ya mgongo kabla hawajagusa chochote.

Imeshaondoka, na sasa unasikia inapasuka

Piga simu kwa mgeni wa kwanza aliyepokea na umuulize maswali ya mwanzo wa ukurasa huu: mgongo ukoje, ufa umekaaje. Kwa ile iliyo njiani hakuna la kufanya. Kwa ile iliyobaki nyumbani, usibandue chapa, utachana kifuniko. Nunua bahasha za nje, uzitumbukize jinsi zilivyo, uandike anwani upya, kisha upime unene tena, kwa sababu karatasi mbili za ziada zinaweza kukuvusha kikomo. Stempu zilizokwisha kubandikwa kwenye bahasha ya ndani hazihesabiki. Na kwa wale wachache ambao unajua mwaliko utawekwa kwenye albamu na kutunzwa, kama wazazi wa pande zote mbili, tengeneza mwingine na uupeleke kwa mkono.